Nani Anakujua Hapa?

Mimi ndiye niliyewaita polisi mtaani kwetu, na hata ukiniuliza leo nitakuambia ningewaita tena. Nalisema hili mapema kwa sababu wapo watu wakisikia habari yangu hudhani nina ugomvi na serikali. Sina. Nina ugomvi na watu wachache tu, na mmoja wao tunalala kitanda kimoja.

Huyo ni mume wangu, fundi wa kufuli na vitasa. Mimi ni fundi cherehani. Tunafanyia kazi kwenye kibaraza kimoja mbele ya nyumba yetu: upande wangu cherehani, mkasi na vitambaa vya watu, upande wake meza yenye jiriwa ya kubania funguo, tupa za kila ukubwa, na ubao wa misumari zinakoning'inia funguo ambazo bado hazijachongwa. Wateja hututania kwamba mke huwavisha watu na mume huwaingiza ndani.

Ila kazi yake nyingi si ya kibarazani. Ufunguo ukivunjikia ndani ya kitasa huwezi kuubeba mlango ukauleta kwetu, kwa hiyo yeye hutupia begani mfuko wake wa turubai akaufuata mlango ulipo. Na ana utaratibu wake mmoja ambao umetukosesha wateja na kunipa mimi maumivu ya kichwa tangu tuoane. Hafungui mlango wa mtu mpaka apatikane jirani wa kusema, huyu namjua, anakaa hapa. Hata kama mwenye mlango ni mwalimu mkuu. Hata kama mvua inamwagika na chungu kinaungua ndani. Alifundishwa hivyo na fundi aliyemlea katika kazi, na hapo huwezi kumbandua. "Jirani kwanza," husema, kisha huketi juu ya mfuko wake akangoja. Nilishamwambia kwamba mwenye nyumba anajulikana kwa sura. Akanijibu kwamba mwizi mzuri naye hujitahidi kuwa na sura hiyohiyo.

Zamani jirani hakuwa shida. Ukipiga hodi moja wanatoka wengi kuliko unaowahitaji, na kila mmoja anataka kueleza yeye mwenyewe alivyowahi kufungiwa nje. Mtaa wetu ulikuwa na benchi karibu na duka la dawa ambalo wazee walichezea drafti kutwa nzima, na wanawake walisukana nywele barazani. Hakuna aliyepita bila kuonwa. Kujuana kulitosha na kukabaki.

Kisha ukaingia wizi. Si wizi wa kuku na ndoo, huo ulikuwepo. Huu ulikuwa wa kuvunja milango mchana kweupe, watu wakiwa kazini. Walimwibia Mama Pacha, jirani yetu mwenye mapacha watundu, mpaka mapazia. Siku moja nilirudi kutoka kununua uzi nikakuta wamefungua nati zote na kuondoka na kichwa cha cherehani yangu. Waliniachia meza na miguu, nadhani kwa sababu ilikuwa mizito. Nililia palepale kibarazani, nami si mtu wa kulia hovyo.

Kwa hiyo mkuu wa kituo cha polisi alipoitisha mkutano kwenye ukumbi wa shule, nilikwenda nikiwa na la kusema. Wenzangu walikuwa wakinong'ona. Mimi nilisimama.

"Afande, nyinyi mnakuja baada ya sisi kuibiwa," nilimwambia. "Mnauliza, mnaandika, mnaondoka. Cherehani yangu haina haja ya kuandikwa. Njooni kabla."

Watu walipiga makofi. Mkuu wa kituo, mtu mpole mwenye miwani, alinitazama akatabasamu. "Mama, tutakuja kabla," alisema.

Na kweli walikuja. Nawapa haki yao.

Aliletwa koplo mmoja, kijana mwembamba aliyenyooka, pamoja na konstebo wa kumsaidia. Kila asubuhi walisimama mbele ya duka la dawa, mahali ambapo njia zote za mtaa hukutana. Amri yao ilikuwa rahisi: wasingoje wizi utokee. Kila mwanamume aliyebeba mfuko, gunia au chombo cha chuma asimamishwe, ageukie ukuta, apekuliwe, aulizwe. Benchi la drafti likaondolewa siku ya kwanza, kwa maelezo kwamba vijiweni ndimo zinamopangwa njama. Njama pekee iliyowahi kupangwa pale ilikuwa ya kumla mpinzani kete, lakini tukanyamaza. Tulikuwa tumechoka kuibiwa.

Wizi ukapungua, na sitii chumvi. Watu walianza kuacha baiskeli nje. Nilinunua kichwa kingine cha cherehani na nikaanza kulala usingizi wa pono. Mama Pacha akatundika mapazia mapya, akanipa mimi kazi ya kuyashona. Kila aliyenikuta njiani aliniambia ahsante kwa lile neno la mkutanoni, nami nikawa natembea kifua mbele.

Sasa fikiria mfuko wa mume wangu. Ndani mna bisibisi, patasi, koleo, nyundo ndogo, vijichuma vyembamba vya kuchokolea kitasa, na shada la funguo za majaribio. Kama wewe ni askari uliyetumwa kumtafuta mvunja nyumba, na Mungu akakuletea mtu mwenye mfuko huo, utamwacha apite?

Siku ya kwanza alipogeuzwa ukutani nilicheka. Alipokuja kunisimulia jioni naye alicheka. Alimweleza Koplo kazi yake, akamwonyesha hata kibaraza chetu kwa kidole, maana kinaonekana kutoka pale. Koplo akamrudishia mfuko na kumwambia, "Haya, nenda."

Kesho yake akasimamishwa tena.

"Unatoka wapi?"

"Palepale pa jana, Afande."

"Jana ilikuwa jana. Unakwenda wapi na vyombo hivi?"

"Kazini."

"Nani anakujua hapa?"

Hilo ndilo lililokuwa swali lake la mwisho, na aliwauliza wote waliosimamishwa. Mume wangu alianza kutaja watu, lakini watu wenyewe walikuwa wakipita upande wa pili wa njia wakitazama viatu vyao. Waliogopa. Aliyejitokeza kumtetea mwenzake aliulizwa naye maswali, na mfuko wake ukafunguliwa. Kwa hiyo kila mtu akajifunza kujitia hamnazo anapofika duka la dawa.

Ikawa ndiyo desturi ya kila asubuhi. Na kilichonikera zaidi ni kwamba Koplo hakuwa mtu mbaya. Hakumpiga mtu, hakutukana, hakupokea hata soda ya mtu. Alisema "tafadhali geuka." Laiti angekuwa mla rushwa, ningejua pa kuipeleka hasira yangu.

Kitu kilichofuata ningepaswa kukiona kutoka mbali, lakini sikukiona. Wateja walianza kupungua. Si wangu, wa mume wangu. Mwanzoni tulidhani ni kwa sababu wizi umepungua na vitasa havivunjwi. Kisha nikamwona fundi mwingine, mgeni, akitoka kwa Mama Pacha na mfuko wake. Nilimfuata Mama Pacha nikamuuliza, tena kwa sauti ya kawaida, maana najua ulimi wangu.

"Dada, usinielewe vibaya," alisema huku akikunja nguo zilezile mara mbili. "Mumeo ni mtu mwema. Lakini watoto wanamwona kila siku ukutani. Baba yao pia anamwona. Ukishamwona mtu ukutani kila siku, halafu umkabidhi mlango wako..."

Nilirudi nikashona pindo la sketi ya mtu kinyumenyume na kulifumua lote.

Fundi wa kufuli haishi kwa tupa wala kwa jiriwa. Anaishi kwa watu kumwamini na milango yao. Hicho ndicho kilichokuwa kinaliwa kidogokidogo pale mbele ya duka la dawa, na hakuna aliyekuwa amekusudia kukila. Na hata wale wateja wachache waliobaki walimshinda, kwa sababu ya utaratibu wake uleule. Alipofika kwenye mlango na kusema jirani kwanza, jirani hakutoka. Watu hawakutaka tena kusimama nje na kusema huyu namjua mbele ya mtu mwenye mfuko wa vyuma. Alikaa juu ya mfuko wake akangoja, akangoja, kisha akarudi nyumbani. Mteja aliyebaki nje alimtukana, na mimi nilimtukana zaidi.

"Fungua tu, baba watoto. Unamjua mwenyewe kwamba ni kwake."

"Nikianza kufungua bila jirani," alisema, "yule koplo atakuwa na haki ya kunisimamisha."

Hebu niambie utamjibu nini mtu wa namna hiyo.

Kisha akaanza kubadilika. Akawa haondoki asubuhi na mfuko. Anakwenda kwanza mikono mitupu kuuona mlango, anarudi, halafu anauchukua mfuko na kupita vichochoro vya nyuma, kwenye mitaro na kamba za nguo, akichungulia kona kabla ya kukata. Mwanamume niliyemjua akitembea katikati ya njia na kumsalimu kila mtu sasa alikuwa anatembea sawasawa na yule aliyeniibia cherehani. Binti yetu naye akaanza kwenda shuleni kwa njia ndefu ya kuzunguka. Alisema anapenda kutembea na rafiki yake. Rafiki yake anakaa upande mwingine kabisa. Hapo moyo uliniuma kweli, nikaamua kwenda kituoni.

Mkuu wa kituo alinipokea vizuri, akanivutia kiti. Nilimweleza yote. Alinisikiliza bila kunikatiza, kisha akavua miwani na kuipangusa.

"Mama, wizi umepungua au haukupungua?"

"Umepungua."

"Ni wewe uliyesema tuje kabla."

"Ni mimi. Wala sijaja kuwaondoa." Nilitafuta namna ya kulisema. "Mume wangu akipekuliwa leo, si kosa. Akipekuliwa kesho na yuleyule, mahali palepale, na kuulizwa jina lake upya, hapo mtu anajiuliza huyo askari anafanya kazi gani. Miezi yote hii hajajifunza hata mtu mmoja?"

"Akianza kuwajua, mama, ataanza kuwapendelea," alisema kwa upole. "Ndiyo maana tunaleta mgeni."

Alinisindikiza mpaka mlangoni. Alikuwa mstaarabu mno, nikatoka nimeshukuru na sijapata kitu.

Nilipofika nyumbani nilikuta jiriwa imefunguliwa kutoka mezani na kufungwa kwenye gunia. Mume wangu alikuwa ameketi kando yake.

"Kaka yangu kanitafutia nafasi kule kwenye ghala lao," aliniambia. "Kulinda stoo. Mwisho wa mwezi nakwenda kuanza. Nikishatulia nitawaita."

"Na kazi yako?"

"Jiriwa yupo mtu anaitaka."

Tangu tuoane nilikuwa nikiichukia jiriwa ile kwa kelele zake. Siku hiyo niliitazama ndani ya gunia nikashindwa kula.

Sasa nikwambie kuhusu Koplo na mlango wake.

Nyumba za polisi zilikuwa zimejaa, kwa hiyo tangu aletwe alikuwa amepanga chumba kwenye nyumba ya wapangaji iliyotazamana na yetu. Kwenye ule mkutano wa shule tulikuwa tumeshauriwa tuweke vitasa vya kujifunga vyenyewe, vile ambavyo mlango ukigonga tu basi umefunga. Koplo alifuata ushauri wa ofisi yake. Alimwita fundi kutoka mbali kuja kukiweka, huku mume wangu ameketi mkabala, tupa mkononi, akitazama. Hilo pia nililiweka moyoni.

Ilikuwa Jumapili mchana, jua limetulia, nami napinda pazia kibarazani. Mume wangu alikuwa anafuta funguo zake mafuta, nadhani kwa ajili ya kuzipanga kwenye sanduku. Nikamwona mtu anavuka njia kutoka mkabala. Kaptura, fulana, taulo begani, miguu haina viatu, na povu la sabuni limemkaukia sikioni. Bila sare alikuwa mdogo. Nilichukua muda kumtambua.

"Shemeji, habari za mchana," alisema.

Miezi yote nilikuwa "mama, pisha njia." Siku hiyo nikawa shemeji.

"Nzuri, Afande. Karibu."

Akamgeukia mume wangu. Alikuwa ametoka kwenda kuoga bafu la uani, alieleza, upepo ukaupiga mlango. Ufunguo ndani, simu ndani, sare ndani, kitambulisho ndani. Mama mwenye nyumba, mwenye ufunguo wa akiba, alikuwa amesafiri kumwona mjukuu wake. Na jioni alitakiwa kwenye gwaride.

"Ungewaita wenzako kituoni," nilimwambia.

"Nitachekwa mpaka nistaafu," alisema, na kwa mara ya kwanza niliona ana meno.

Mume wangu alichukua mfuko wake wa turubai wakavuka pamoja. Nami nikaliacha pazia la watu nikafuata, ungefanya nini?

Alikichunguza kitasa, akakigonga kwa ukucha, akaitikia kwa kichwa kwamba kinafunguka. Kisha akauweka mfuko chini, akaketi juu yake.

"Jirani kwanza," alisema.

Koplo hakuelewa. "Jirani wa nini?"

"Wa kusema unakaa hapa."

"Fundi, wewe unanijua."

"Nakujua sana. Lakini fundi hawi shahidi wa mlango anaoufungua mwenyewe. Nipe mtu mmoja tu."

"Mimi ni polisi."

"Sijakataa. Mimi nauliza habari za mlango."

Nilimtazama usoni nikitafuta kisasi. Ningekifurahia. Namjua, akifanya mzaha mdomo wa chini humcheza. Haukucheza. Alikuwa anafanya kazi yake kama anavyoifanya siku zote, na hapo ndipo Koplo naye alipoona kwamba mtu huyu haondoki juu ya ule mfuko.

Basi akaenda kubisha hodi. Chumba cha kwanza anakaa bibi mmoja ambaye hunitungia uzi kwenye sindano zangu ndogo kuliko zote. Alichungulia dirishani.

"Bibi, samahani, mwambie fundi kwamba nakaa hapa."

"Mwanangu, macho yangu siku hizi hayaoni mtu," alisema bibi, akarudisha pazia vizuri.

Chumba cha pili ni cha muuza mkaa. Yeye alifungua mlango kabisa, akamtazama Koplo kuanzia taulo mpaka vidole vya miguu.

"Sura yako siijui, Afande," alisema taratibu. "Kila tukikutana huwa naambiwa nitazame ukuta."

Akafunga mlango bila kuubamiza.

Koplo alivuka mpaka kwa Mama Pacha. Tulisikia sauti za mapacha ndani, "Mama, ni yule polisi," kisha tukasikia wananyamazishwa, kisha kimya cha nyumba ambayo haina mtu. Mwishoni alimkuta mzee mmoja wa drafti ameketi mlangoni kwake, peke yake, na kete zake kwenye kopo. Huyo alimjibu kwa adabu zote.

"Ningekuwa kwenye benchi ningekuona ukiingia na kutoka, mwanangu. Lakini siku hizi nakaa huku, sioni kitu."

Njia nzima ilikuwa safi na tulivu. Baiskeli zimeegeshwa nje bila mnyororo. Katikati yake amesimama kijana mwenye taulo, na milango yote imefungwa kwa vitasa vizuri vya kujifunga vyenyewe. Alirudi akaketi kwenye kizingiti cha chumba chake.

"Hakuna anayenijua hapa," alisema. Hakuwa akimwambia mtu yeyote.

Mume wangu hakuinuka juu ya mfuko.

Nitasema ukweli, nilifurahi. Nilifurahi nikasikia joto mpaka masikioni. Nilifikiria jiriwa ndani ya gunia, na binti yangu akizunguka njia ndefu, nikajua kwamba nikirudi kwenye pazia langu hakuna atakayenilaumu. Nilikwisha kugeuka. Lakini lile povu lilikuwa bado limemganda sikioni, naye alikuwa amekunja miguu yake isiguse njia, kama mtoto aliyefungiwa nje na mama yake. Na aliyeomba aletwe ni mimi.

"Mimi namjua," nilisema.

Mume wangu akainuka, maana jirani akipatikana yeye huinuka. Akaniuliza vilevile anavyomuuliza yeyote, kana kwamba mimi si mkewe.

"Unamjuaje?"

"Anakaa chumba hiki tangu aletwe mtaani, na mimi ndiye niliyeomba aletwe. Anaamka mapema, anafua nguo zake mwenyewe, hapokei cha mtu." Nikavuta pumzi. "Na kila asubuhi anamgeuza mume wangu ukutani mbele ya duka la dawa, anamuuliza nani anakujua hapa. Huyo ndiye. Namjua."

Nilisikia pazia la bibi likisogea.

"Inatosha," mume wangu alisema. "Kwa mlango inatosha."

Akapiga goti, akachokoa, ulimi wa kitasa ukarudi ndani. Koplo aliingia, akatoka na malipo, akalipa sawa na mtu mwingine yeyote. Hakuomba radhi. Alisimama kidogo mlangoni akishikilia mlango usijifunge, kisha akasema, "Ahsante, fundi. Ahsante, shemeji," nasi tukavuka kurudi kwetu. Hatukulizungumza. Kuna mambo mkiyazungumza mapema yanaharibika.

Asubuhi yake mume wangu alitupia mfuko begani na kushika njia kubwa, katikati kabisa. Nilimwona anavyoondoka, nikaona siwezi kushona. Nikajipa kazi ya kwenda kununua dawa ya kikohozi, ingawa kwetu hakuna aliyekuwa anakohoa.

Ukutani walikuwepo tayari watu: muuza mkaa na gunia lake, kijana wa mabomba na mabomba yake, mpagazi mmoja wa sokoni na wengine ambao siwajui. Koplo alikuwa amevaa sare, amenyooka kama kawaida, sikio safi. Mume wangu alifika, akaweka mfuko chini, akaufungua mwenyewe kwa mazoea na kuugeukia ukuta.

"Fundi, geuka huku," Koplo alisema.

Akainama, akaufunga mfuko, akafunga na kamba yake, akamrudishia kwa mikono miwili.

"Pita. Nakujua."

Alilisema kwa sauti. Mama Pacha alikuwa ndani ya duka la dawa na mtoto mmoja mkono huu na mwingine mkono ule, na nilihakikisha kwamba amesikia. Nilitaka kupiga kigelegele. Niliona jiriwa inarudi mezani, binti yangu anapita njia fupi, mwisho wa mwezi unakuja na hakuna anayekwenda ghala lolote.

Mume wangu hakupita. Aliuweka mfuko chini pale mbele ya ukuta, akaketi juu yake.

"Nimekuambia pita, fundi," Koplo alisema.

"Nimesikia. Ahsante." Akamwonyesha muuza mkaa, ambaye alikuwa bado ameutazama ukuta. "Huyu namjua. Anauza mkaa nyuma ya shule. Mnapakana chumba."

Konstebo alianza kusema kitu, Koplo akamzuia kwa mkono. Alimtazama mume wangu kwa muda, kisha akautazama mgongo wa muuza mkaa.

"Geuka," alimwambia, na safari hii hakusema tafadhali.

Wakatazamana uso kwa uso. Muuza mkaa ndiye aliyesalimu kwanza.

"Na huyu wa mabomba namjua," mume wangu aliendelea. "Mama yake ndiye anayefagia shuleni."

Nilinunua dawa ya kikohozi nikarudi zangu kibarazani. Jiriwa niliitoa mwenyewe kwenye gunia nikaipandisha mezani, nikakaza nati zake kadiri ya nguvu zangu. Mchana alikuja mteja wake wa asubuhi ile, mwanamke aliyevunjikiwa ufunguo mlangoni, akaniambia kwa hasira kwamba amengoja mpaka amechoka na amekwisha kumwita fundi mwingine. Jioni nilimkaripia mume wangu, nikamwambia tumepoteza mteja siku ileile tuliyopata jina letu tena. Alikubali kwamba ni kweli. Alisema alitaka kuondoka mapema, lakini kila alipoinuka palikuwa bado na mtu mmoja ukutani.